Kijiti mkononi, mimba tumboni: vile nilimsomea mpwa wangu orodha ya pepa za mtafiti

Mpwa wangu alikuja Jumapili moja na karatasi kumi na moja zimepigwa stepla, katoka kuziprinti saiba ya Makupa. Anataka kufanya masta ya famakolojia, ile elimu ya dawa inaingiaje mwilini, inafanya nini huko na inatokaje, na ameambiwa ajitafutie supavaiza mwenyewe kabla hajaomba nafasi. Wenzake kazini walikuwa washamjaza maneno, tafuta mwenye pepa nyingi, yaani makala za utafiti alizochapisha, angalia h-indeksi, ile namba ya kupima pepa za mtu zinatajwa mara ngapi na wengine, mwenye chini ya hamsini usimpotezee bando. Basi kaleta orodha mbili, moja ya mtu mwenye pepa zaidi ya mia mbili, nyengine ya mtu ambaye hajafika hata arubaini. Akazilaza mezani kando ya sahani ya mahamri na mbaazi, "Mjomba, wewe umekaa dirisha la dawa miaka yote hiyo, nambie niandikie nani."

Mamake, dadangu, alikuwa jikoni anasikiza. "Si huyo wa mia mbili! Kwani hapo kuna la kufikiria?"

Nikasema mwanangu hebu weka hizo chini ya sahani, manake watu hao siwajui na nikianza kukusomea leo nitakudanganya. Ntakusomea kazi ya mtu mmoja ambayo nimeifuata miaka, sijawahi kumuona, yuko Nebraska huko Marekani na mimi niko Tudor hapa Mombasa, lakini nilianza kumsoma kwa sababu ya deni, na sio deni la pesa.

Mwaka 2014 nilikuwa dirisha la dawa la kliniki moja hapa kisiwani, jina nalihifadhi. Tulikuwa na mteja, mama wa makamo, dawa anakunywa kwa saa kama muadhini. Alikuwa na vile vijiti viwili vya mkononi vya kuzuia mimba, Jadelle, kila kimoja kina miligramu 75 za levonorgestrel, homoni yenyewe, na vyote pamoja vinatakiwa vifanye kazi miaka 5. Miaka mitatu hakuna neno. Wakati huo yuko kwenye dawa za virusi vya ukimwi zenye nevirapine. Halafu kliniki zikaanza kuhamisha watu kwenye kidonge kimoja cha usiku, tenofovir na lamivudine na efavirenz ndani yake, kila mtu anafurahia kidonge kimoja, na yeye akahamishwa. Akaniuliza dirishani, kuna shida na hivi vya mkono? Nikamwambia hakuna shida. Nilisema vile mtu anavyosema akiwa na foleni ya watu arubaini nyuma.

Hakumaliza mwaka. Siku hiyo alikuja bila kadi, akavuta mkono wa buibui mpaka juu ya kiwiko, akabonyeza mwenyewe ngozi kwa dole gumba, na vijiti vikatuna chini ya ngozi kama njiti mbili za kiberiti. "Viko hapa. Vyote viwili. Basi hii ni nini?" na mkono mwengine uko tumboni. Kule alikowekewa walishamwambia labda vilikaa vibaya, na mtu mwengine akamwambia labda dawa hunywi. Mumewe ni kibarua bandarini, na mume akiambiwa vijiti viko sawa na mimba ipo, hesabu anayopiga kichwani mnaijua.

Sikuwa na jibu, wallahi. Nilirudi kwenye vitabu vyetu pale, hakuna.

Sasa mpwa wangu ni mfamasia tayari kwa hivyo nilimuuliza yeye kwanza, ini linafanya nini likikutana na efavirenz? Akajibu sawasawa. Ini lina vimeng'enya vya kuvunja dawa na kimoja kikubwa kinaitwa CYP3A4, efavirenz ikikaa wiki kadhaa inalifanya ini litengeneze kingi zaidi ya kawaida, na kimeng'enya hicho ndo hichohicho kinachovunja levonorgestrel. Yaani ini linaajiri vibarua wengi kwa ajili ya mzigo mmoja, na wakishakuwepo wanabeba na mizigo ya wengine. Na kijiti hakina ubishi, kinatoa homoni kidogo kidogo kila siku, hakijui kwamba huko ndani inaliwa haraka. Nevirapine nayo watu waliitilia shaka hiyohiyo, lakini kwenye damu mambo yalikuja kuonekana vyengine.

Kwa hivyo kisayansi hakuna muujiza. Ukishaambiwa unaona mbona ilikuwa wazi. Shida ni kwamba kujua kimeng'enya na kujua mama wa Tudor atashika mimba ni vitu viwili, na katikati yake ndo kuna hizi pepa.

Ya kwanza ilitoka Swaziland, siku hizi Eswatini, 2014 hiyohiyo. Waganga wa kule walipitia mafaili ya wanawake wenye Jadelle na dawa za virusi, na kati ya 121 waliokuwa kwenye efavirenz, 15 walishika mimba. Wa nevirapine hata mmoja. Hiyo haikuwa pepa kubwa, ilikuwa barua kwenye jarida, kurasa chache. Mpwa wangu akauliza, hii kwenye orodha ya mtu inahesabiwa? Inahesabiwa ndio, inahesabiwa moja, sawa na pepa ya kurasa kumi na mbili ambayo hakuna mtu aliyeisoma isipokuwa mamake mwandishi. Hapo nikamwambia ushaona ubaya wa kuhesabu.

Halafu 2015 ikatoka ya kwetu Kenya, Lancet HIV, Rena Patel na wenzake. Walichukua rekodi za wanawake 24,560 wa magharibi huko, za kuanzia 2011 mpaka 2013, wakaangalia nani yuko kwenye dawa gani na anatumia uzazi wa mpango gani na nani kashika mimba. Wenye vijiti na nevirapine, mimba kama 1.1 kwa kila wanawake 100 kwa mwaka. Wenye vijiti na efavirenz, 3.3. Mara tatu. Lakini ngoja, usikimbie na hiyo mara tatu kama magazeti, manake kwenye pepa hiyohiyo wenye sindano ya miezi mitatu na efavirenz walikuwa 5.4. Maana yake kijiti kilicholiwa bado kilikuwa kinashinda sindano. Mtu akisoma nusu anaenda kuwatoa wanawake vijiti mikononi na kuwaacha na kitu dhaifu zaidi, na Afrika Kusini 2014 walikuwa washatoa waraka kwamba mwenye efavirenz asiwekewe kijiti. WHO wao 2015 wakaiweka kundi la pili, yaani faida bado inazidi madhara. Mimi naona WHO walikuwa sawa zaidi, ila mwanamke angeambiwa. Kumpa kitu chenye pengo si kosa sana, kosa ni kumwambia "hakuna shida" kama nilivyosema mimi.

Sasa hizo zote ni mafaili. Mafaili yanakwambia mimba imetokea, hayakwambii kwenye damu kulikuwa na nini. Hapo ndo anapoingia huyu mtu wangu, Kimberly Scarsi, mfamasia na mtafiti wa Chuo Kikuu cha Nebraska. Nikamwambia mpwa wangu fungua simu utafute pepa yake ya 2016, Clinical Infectious Diseases, ya levonorgestrel na efavirenz, na kabla hujasoma kichwa cha habari soma majina.

Akasoma. Scarsi mwanzo. Katikati Darin, Nakalema, Back, Byakika-Kibwika, na wengineo. Mwisho Lamorde.

Nikamuuliza hawa wamekaaje? Kwenye fani yetu kiti cha kwanza ni cha alokesha na kazi na kuiandika. Kiti cha mwisho ni cha mkubwa, mwenye kubeba mradi mabegani na mwenye kuulizwa mambo yakiharibika. Na hapa kiti cha mwisho kakaa Mohammed Lamorde, mtu wa Kampala, taasisi ya magonjwa ya kuambukiza ya Makerere, ambako ndo wanawake wenyewe walikuwa wanakuja kutolewa damu. Back ni David Back wa Liverpool, na Liverpool kila mfamasia anaijua kwa ile chati ya dawa gani inagombana na gani, kijani na njano na nyekundu kama taa za Saba Saba. Kwa hivyo kabla hujasoma sentensi moja ushajua: swali la kifamasia limetoka kwa mtu wa kwanza, wanawake na kliniki ni Kampala na Kampala ana kiti cha heshima, na watu wa Liverpool wamo ndani. Nimeona pepa nyingi za Afrika ambazo majina yetu yamejazwa katikati kama abiria wa matatu ya Kongowea saa kumi na mbili jioni, na mbele na nyuma wamekaa wengine. Hii sio.

Na hili sio la wivu. Hapa Mombasa wanawake wa kliniki ya Ganjoni wamekuwa wakifuatiliwa kwa utafiti tangu 1993, pepa zilizotoka pale zimesomwa dunia nzima, na muulize mtu wa Majengo kama ashawahi kusikia. Damu tunatoa tangu zamani.

Turudi. Utafiti wenyewe ulikuwa mdogo kwa idadi. Wanawake 20 wenye efavirenz, 20 wenye nevirapine, na wengine ambao hawajaanza dawa kama kipimo cha kulinganisha. Wote wakawekewa vijiti, damu ikawa inachukuliwa kwa wiki 48. Kwenye nevirapine levonorgestrel haikushuka, ilipanda. Kwenye efavirenz ilishuka kama nusu. Na kati ya wale 20, watatu walishika mimba, baina ya wiki ya 36 na ya 48.

Hapo mpwa wangu akaacha kutafuna.

Nikamwambia endelea, kuna mstari mmoja nataka uusome taratibu. Walipima levonorgestrel ya wale watatu karibu na wakati wa mimba: 122, 299 na 303, pikogramu kwa mililita. Kwa nini mstari huu ni mtamu? Kwa sababu kulikuwa na namba watu walikuwa wanaitaja kama mpaka, 180, ukiwa juu yake uko salama. Wa 122 sawa, yuko chini, hilo tunalielewa. Wa 299 na 303 je? Wako juu ya mpaka na mimba imeingia. Mtu mwengine angeweza kuandika wastani tu, asilimia tu, mambo yakapita yananukia vizuri. Hawa wakaweka namba tatu uchi, na mbili kati yake zinaleta fujo kwenye kile watu walichokuwa wanaamini. Mimi nikitafuta supavaiza wa mtoto wangu natafuta mstari kama huo, mtu asiyeogopa kuacha namba inayomsumbua ikae kwenye meza ionekane.

Niliisoma pepa hiyo mwaka uleule ilipotoka, kwa simu, dirishani, saa ya mchana. Na yule mama bado alikuwa mteja wetu, mtoto kazaliwa salama, kapimwa hana virusi, kashaanza kutembea. Alipokuja kuchukua dawa zake nikamwambia, mama, ile ya vijiti haikuwa wewe, haikuwa aliyekuwekea pia, ni kidonge cha usiku. Akaniangalia kidogo. "Nilijua si mimi." Kisha akasema basi niandikie, nimpelekee bwana. Nikachukua ile bahasha ya kaki ya kutilia dawa nikaandika nyuma yake kwa kalamu kwamba dawa hii hupunguza nguvu ya vijiti vya uzazi, imethibitishwa, nikatia saini na muhuri wa famasi. Aliikunja mara nne akaitia kwenye pochi. Pepa ya kurasa nane ikafika bandarini kwa bahasha ya kaki.

Mpwa wangu akasema mjomba hiyo ni hadithi nzuri lakini pepa moja nzuri mtu yeyote anaweza kubahatisha. Sawa kabisa. Ndo maana unasoma orodha, husomi pepa. Na unaposoma orodha swali ni moja tu: pepa ya kesho inajibu kile pepa ya jana ilichoacha wazi, ama mtu anarukaruka anapoona pesa?

Sasa angalia walifanya nini baada ya pale. Kwanza, je ni Jadelle peke yake? 2017 kundi lilelile, safari hii Catherine Chappell kiti cha kwanza, wakapima kijiti chengine, kile kimoja chenye etonogestrel, na efavirenz ikakishusha zaidi hata ya Jadelle, kama asilimia 82. Haya. Pili, kama homoni inaliwa nusu, si tuweke vijiti mara mbili? Wazo ambalo hata mamako jikoni angelitoa. (Kutoka jikoni: "Nimeshalitoa!") Wakalijaribu, vijiti vinne badala ya viwili, na matokeo yake hayakuziba pengo lote. Wakachapisha. Angalia kiti, hapo Scarsi kahamia mwisho na mtu mdogo kwake kakaa mbele, yaani watu wanakua chini yake. Hilo ni jambo ambalo mwanafunzi ndo anatakiwa kulitafuta kuliko yote na hakuna h-indeksi inayokuonesha.

Tatu, na hii ndo inanihusu mimi wa kaunta: P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba. Kila mfamasia wa Mombasa anajua Jumatatu asubuhi P2 inavyotoka. Ni levonorgestrel ileile, miligramu 1.5, na mtu aliye kwenye efavirenz, au aliye kwenye rifampicin ya kifua kikuu, ini lake linaifanyia vilevile. Wakajaribu kuzidisha mara mbili, miligramu 3. Na hapo ikafaulu, kiwango kwenye damu kikawa kinalingana na cha mtu asiye na tatizo hilo. Kwa hivyo kuzidisha mara mbili kunafaa kwa kidonge cha dharura na hakutoshi kwa kijiti. Ungelikisia? Mimi nisingekisia. Mimi ningesema ukizidisha unazidisha, basi.

Swali moja, dawa ileile, miaka karibu kumi, na hakuna hata pepa moja hapo inayosema "tumegundua tiba". Ukiweka hiyo kwenye meza ya wale rafiki zake wa h-indeksi wataona kitu chembamba. Hiyo h-indeksi yenyewe ilitungwa 2005 na mtu wa fizikia, Jorge Hirsch, na maana yake ni rahisi, ukiwa na 20 basi una pepa 20 ambazo kila moja imetajwa na wengine angalau mara 20. Haijui ulikaa kiti gani. Haijui kama ulitajwa kwa kusifiwa au kwa kukosolewa. Pepa iliyokosea vibaya inatajwa sana pia, kila mtu anaitaja ili aseme imekosea.

Na hapo nikamkumbusha Kemron, ambayo yeye hakuwa amezaliwa. 1990 mimi niko shule, redio haizimwi, KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, wametangaza dawa ya ukimwi, rais Moi mwenyewe yumo kwenye habari. Ilikuwa interferoni alfa kidogo sana, ya kuyeyusha mdomoni. Pepa ilikuwepo, tena imechapishwa, mwenye kupenda kuhesabu angeihesabu. Kilichokosekana ni kundi la kulinganisha, watu wanaopewa kidonge kisicho na kitu ili tujue nani kapona kwa dawa na nani kapata nafuu kwa kutunzwa na kutiwa moyo. Watu wengine wakaja wakalifanya jaribio hilo, Uganda, likachapishwa 1998, nusu dawa nusu kidonge kitupu, tofauti hakuna. Miaka minane. Katikati hapo watu waliuza mashamba, na sisemi hivi kwa kumcheka mtu, 1990 hapakuwa na kitu na aliyezama hushika hata majani. Nasema tu kwamba ukipewa orodha yenye pepa kama ile, tafuta pepa iliyofuata. Kama haipo, uliza kwa nini.

Nikataka kuishia hapo lakini mpwa wangu akasema mjomba hayo ya efavirenz si yashapita, saa hizi watu wote wako dolutegravir, ile dawa mpya ya virusi, haichokozi ini kwa vile, huyo mtu wako kazi yake si imekuwa historia? Swali zuri na nilikuwa na hamu aliulize. Mei 2018, dolutegravir ndo inaingia, Botswana wakatoa taarifa, watoto 4 kati ya 426 waliozaliwa na kina mama walioshika mimba wakiwa kwenye dolutegravir walikuwa na kasoro ya uti wa mgongo na ubongo. Taharuki. WHO wakasema mwanamke wa umri wa kuzaa apewe kama ana uzazi wa mpango wa uhakika, na Kenya hapa wanawake wa umri huo wakaambiwa wabaki efavirenz. Sasa iangalie vizuri hiyo, walibakishwa kwenye dawa inayokula kijiti kwa sababu tunaogopa mimba kwenye dawa isiyokila. Wanaume wakapewa dawa mpya, wanawake wakabaki na ndoto mbaya za efavirenz na vijiti vyao nusu nguvu. Wanawake wenye virusi wa Afrika walikutana Kigali Julai 2018 wakasema tuambieni ukweli tuchague wenyewe. Mwaka uliofuata, Julai 2019, Botswana hesabu imeongezeka, 5 kati ya 1,683, hatari imeshuka sana, WHO wakafungua kwa wote, na baadae zaidi tofauti ikapotea kabisa.

Kwa hivyo mwaka ule mzima, aliyekuwa na akili ya kutaka kujua kubaki efavirenz kunamgharimu nini mwanamke mwenye kijiti, jibu lilikuwa lishaandikwa, pepa ziko pale. Na rifampicin haijaenda popote, kifua kikuu kipo Mombasa kama unyevu wa kuta, ini linaamshwa vilevile. Hapana mwanangu, haijawa historia.

Basi, akazitoa zake chini ya sahani, sasa zina alama ya tui. Akachukua penseli akaanza mwenyewe, mimi nimekaa kimya. Yule wa mia mbili akampigia viti: wa tisa, wa kumi na nne, wa sita, wa ishirini na. Malaria, homa ya ini, kisukari, dawa za virusi, mara wanyama. Akataka kucheka nikamzuia, manake mtu mwenye mashine nzuri ya kupima dawa kwenye damu huombwa na kila mtu, anapima anawekwa katikati, ni kazi halali na bila yeye hakuna pepa. Lakini umeona swali lake? Sijaliona, mjomba.

Huyu wa pili, asiyefika arubaini, kila ukurasa ni kifua kikuu na dawa za virusi kwa watoto. Kiti cha kwanza, cha kwanza, cha pili, kisha cha mwisho. Kuna kurasa mbili majina ya kwanza ni ya wanafunzi na majina ni ya kwetu huku. Ila kuna miaka miwili haina kitu, tupu. Mpwa wangu akaizungushia penseli, "Hapa je? Alishindwa?"

Mamake kaja na birika la chai ya tangawizi, akaiangalia ile duara. "Alizaa huyo."

Tukanyamaza. Inawezekana kabisa. Mimi mwenyewe ningeandika "pengo" nikapita.

Kuna pepa moja ya huyu wa pili, sentensi ya mwisho inasema sampuli za miezi kumi na miwili zitapimwa na kuripotiwa, na kwenye orodha hiyo ripoti hatukuiona. Nikamwambia imeili yako usianze na "mimi ni mwanafunzi mwenye bidii", andika unauliza hilo tu. Akaandika mistari minne usiku uleule.

Majibu yalikuja siku ya nne, nilisomewa kwa simu nikiwa kwenye feri naenda Likoni, kelele za watu na upepo, nikamwambia rudia. Yule mtafiti kaandika kwamba pesa ziliisha kabla hawajapima, lakini damu ipo, imekaa kwenye friza nyuzi themanini chini ya sifuri miaka yote hii, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Akimaliza taratibu za chuo aje aipime, hiyo inatosha masta.

Mpwa wangu anapiga vigelegele. Nyuma yake namsikia dadangu, "Damu ya nani hiyo? Ya watoto? Na mama zao waliambiwa kama bado ipo?"

Simu ikanyamaza kidogo. Kisha nikamsikia mpwa wangu anamwambia mamake, ngoja, hiyo niiandike vilevile ulivyoisema.